Kuongeza kipoozeo cha oili ya gia kwenye pikapu: kabla ya rejeta au baada yake?

Mvuta_Mizinga

Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya gia otomatiki, spidi sita, imetembea kilomita 164,000. Haikuja na kipoozeo cha nje. Oili ya gia inapita ndani ya tangi la rejeta, inapozwa na maji ya injini, basi.

Mimi ni mfugaji wa nyuki. Msimu wa maua nahamisha mizinga 36 kwa tela, na tela pamoja na mzigo vinafika tani moja na nusu. Tunasafiri usiku, nyuki wakiwa wametulia. Nikisimama muda mrefu hewa haipiti vizuri kwenye mizinga, nyuki wanapata joto na kundi linaweza kufa. Kwa hiyo kusimama katikati ya mlima ili gia ipoe siwezi.

Nimechomeka kifaa cha kusoma data chini ya usukani nikawa naangalia joto la oili ya gia. Barabara ya tambarare linakaa nyuzi 88. Kuna mlima wa kilomita tisa, hapo lilipanda hadi 121, na tulipofika juu gia ya tatu ikawa inachelewa kushika. Nilipanguza kijiti cha kupimia kwa kitambaa cheupe: oili imekuwa ya kahawia lakini hainuki kuungua.

Nimeshapata kipoozeo cha sahani zilizopangana. Naomba msaada kwa mambo mawili. Je, kikae kabla ya rejeta au baada yake, au niiruke rejeta kabisa? Na hozi ya petroli ninayo ya kutosha, naweza kuitumia?

Tambarare

Mkuu, badilisha oili kwanza. Hiyo ya kahawia ukiiacha humo, kipoozeo kitakuwa kinapoza oili iliyokwisha kazi. Tumia aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Fundi_Gia

Mvuta_Mizinga, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima kabla ya kufungua boliti hata moja. Sasa tuna namba ya kufanyia kazi.

Nyuzi 121 ni nyingi. Sisi mafundi tuna kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 11 juu ya 80 zinapunguza maisha ya oili kwa nusu. Na kama sensa yako iko kwenye sampu, yaani trei ya oili chini ya giaboksi, oili inayotoka toki konvata (kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili) ni ya moto kuliko hiyo uliyoisoma.

Joto lenyewe kwa sehemu kubwa linazaliwa hapo kwenye toki konvata. Ukiwa kasi ya kawaida barabarani inajifunga, injini na gia vinazunguka pamoja. Ukipanda mlima na mzigo huku gari likiwa bado kwenye gia ya juu, inajifungua, oili inakorogwa ndani kwa nguvu na nguvu hiyo yote inageuka joto. Kwa hiyo usiku wa safari ijayo, hata kama kipoozeo hakijafungwa, shusha gia wewe mwenyewe kabla mlima haujaanza, uache injini izunguke zaidi. Utaona namba inatulia.

Kuhusu mpangilio: oili itoke giaboksi, ipite rejeta, ndipo iende kwenye kipoozeo kipya, kisha irudi giaboksi. Rejeta haiwezi kuipoza oili chini ya joto la maji yake, ambayo injini ikishachemka yanacheza kwenye nyuzi 90 hivi. Iache ipunguze lile joto kubwa, kipoozeo cha hewa kimalizie. Ili ujue bomba la kurudi, washa injini ikiwa baridi kabisa, weka gia, ushike mabomba yote mawili. Linalopata moto kwanza ndilo linalotoka giaboksi.

Hozi ya petroli usitumie. Haikutengenezwa kwa joto hili, itakakamaa na kupasuka. Hozi ya maji ya rejeta ni mbaya zaidi, oili inaivimbisha. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya oili ya gia otomatiki. Ukikata bomba la chuma, panua mdomo wake kidogo ili hozi isichomoke, kisha funga klipu nyuma ya hapo. Hozi isiguse ekzosi wala ukingo mkali wa bodi.

Sasa lile ninalolisisitiza kuliko yote. Kwenye boksi utakuta vijiti vya plastiki vya kupitisha katikati ya mapezi ya kondensa ya AC (ile rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele ya rejeta) na kukaza. Vitupe. Nilivitumia kwenye gari langu mwenyewe. Kwa miezi minane kipoozeo kilikuwa kinatikisika taratibu bila mimi kujua, mapezi yakalika, kisha mrija ukatoboka. Oili ilimwagika yote nikiwa na tela nyuma, na nilipohisi gari linateleza klachi za ndani zilikuwa zimeshaungua. Nilijenga upya giaboksi nzima. Tengeneza vishikio vya chuma, uvifunge kwenye fremu ya mbele ya rejeta, na uache nafasi ya kidole kati ya kipoozeo na kondensa. Midomo ya hozi itazame juu au pembeni, hewa isinaswe ndani.

Kiraka_Mzee

Mimi ningeiruka rejeta. Nimeona kipoozeo cha ndani kikitoboka, maji yakaingia kwenye oili, ikawa na rangi ya maziwa ya waridi. Klachi zikabanduka. Gari la kilomita 164,000 lina rejeta ya zamani.

Fundi_Gia

Mzee, hatari hiyo ni ya kweli na inaua giaboksi haraka. Lakini asubuhi ya baridi rejeta inasaidia oili ipate joto, na oili nzito inafanya gia zishike vibaya. Kwa gari hili ningeweka rejeta mpya na kuendelea kuipitia. Akiamua kuiruka, aweke themostati ya oili kwenye njia, ili oili ikiwa baridi isipelekwe kwenye kipoozeo.

Mvuta_Mizinga

Wakuu, nimerudi. Rejeta nimebadilisha, oili nimebadilisha, kipoozeo kimekaa baada ya rejeta kwa vishikio vya chuma bapa. Vijiti vya plastiki nimevitupa, Fundi. Baada ya kuwasha, kuchemsha na kupitisha gia zote nilipima tena injini ikiwa inaunguruma, ikabidi niongeze kama robo tatu ya lita.

Jana usiku tulipanda mlima uleule, mizinga 36 ileile. Nilishusha hadi gia ya tatu pale chini kabisa na sikuibadilisha. Joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi 99, na lilirudi 86 dakika chache tu baada ya kilele. Gia ya tatu haikuchelewa hata mara moja.

Leo nimelala chini ya gari na tochi. Klipu moja upande wa kurudi ina jasho la oili. Nimeikaza, nimeifuta ikakauka, nitaiangalia tena kesho kabla ya kufunga tela.

Fundi_Gia

Iangalie ikiwa ya moto, siyo baridi. Ikilowa tena, kata sentimita mbili za mwisho wa hozi uifunge upya, kwa sababu sehemu iliyokwisha kubanwa haishiki vizuri mara ya pili.