Alama ya kutoa katika Haskell: mabano ni adabu au ni adhabu?

Mleta mada: Ndugu zangu, jana niliandika abs -5 (abs huondoa alama ya hasi) katika lugha ya programu ya Haskell nikitarajia 5, nikarudishiwa kosa refu kama barua ya posa, kwa kuwa kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ilisoma "abs kutoa 5". Nilipoandika abs (-5) ikatulia. Je, si heri namba hasi ipewe alama yake, kama lugha ya Standard ML inavyoandika ~5?

Mabano Matatu: Katika lugha hizi funksheni huitwa kwa kuiwekea namba kando tu, kwa hiyo x -5 na abs -5 zina umbo lilelile, na kichanganuzi, sehemu ya kompaila inayosoma msimbo, hakijui bado kipi ni namba na kipi ni funksheni. Anayechoshwa na mabano mawili angebaki na Python yake.

Mleta mada: Python imeingiaje hapa? Nimeandika lugha ya OCaml kwa miaka, na huko pia f -1 ni kutoa, kwa hiyo sihitaji kufukuzwa ukumbini. Nieleze badala yake kwa nini, nikitafuta baki la kugawanya kwa mod, -1 `mod` 3 inanipa -1, ilhali (-1) `mod` 3 inanipa 2.

Kijana wa Jedwali: Kwa sababu ukanushaji (kuifanya namba kuwa hasi) umewekwa ngazi ya 6 ya kipaumbele, sawa na kutoa, na mod iko ya 7, basi mod hutangulia. Hisabati nayo husema -2^2 ni -4. Excel ndiyo inayotoa 4.

Mabano Matatu: Tangu lini Excel ikawa shahidi?

Kijana wa Jedwali: Tangu mishahara yetu ilipoanza kukokotolewa humo, mzee wangu.

Bi. Nukta: Tuiache mishahara. Lugha ya APL ilitenganisha ¯5 na kutoa tangu miaka ya 1960, na aliyeizoea hana ugomvi huu. Isitoshe, GHC 9.0, kompaila ya Haskell ya mwaka 2021, ilileta nyongeza ya kuwashwa kwa hiari iitwayo LexicalNegation, inayotazama nafasi tupu kando ya alama: abs -5 inakubalika, na mod yako inatoa 2 bila mabano.

Mabano Matatu: Na x -5 ya mtu aliyesahau nafasi moja inageuka kuwa kumwita x kama funksheni. Mmehamisha adhabu, hamkuifuta.

Mleta mada: Nafasi nitaisahau, nakiri. Ila hilo la Python bado sijalisamehe.