Nimelipia difu ya 3.9, nikarudishiwa ile ile ya 4.22, na sasa inalia!

Jamani, wenye magari ya kizamani hapa Mombasa, someni kabla hamjampa mtu pesa.

Gari langu ni Morris Minor, injini ya cc 1098. Difu yake ya kiwandani (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) ni 4.22, yaani krauni, gia kubwa, meno 38, na pinioni, gia ndogo, meno 9: propela shafti, ile fimbo inayotoka kwenye giaboksi, inazunguka mara 4.22 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa mjini haina taabu. Lakini ukishapita Mtwapa kuelekea Malindi, barabara tambarare, injini inapiga kelele kama inatolewa roho, na bado matatu zinakupita zikikupigia honi. Dawa yake inajulikana: unatia difu ya MG Midget, kile kigari kidogo cha michezo, 3.9, meno 43 kwa 11. Inaingia bila kukata chuma wala kuchomelea. Pale injini ilipokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, itazunguka kama 2,780 kwa mwendo ule ule. Nilitaka hilo tu, basi.

Fundi mmoja hapa kisiwani (jina silitaji, msiniulize) akasema anayo. Akanifunulia gunia, ndani kuna kitu kimeganda grisi. "Hii ndiyo ya Midget, bosi." Shilingi 45,000, spea na kazi. Nikalipa. Gari likakaa kwake mpaka nikachoka kupiga simu.

Kulichukua, linalia! Ukikanyaga mafuta, wuuuu. Ukiondoa mguu, kimya. Beringi ya gurudumu haiwezi kulia kwa kufuata mguu hivyo, hiyo ni difu. Namuuliza, ananijibu, "Itajikalia yenyewe bosi, meno bado mapya." Meno mapya ya wapi, kwenye chuma cha miaka ya sitini?

Kilichonishtua zaidi ni spidomita. Kwenye Morris waya wake unatoka kwenye giaboksi, kwa hivyo ukitia 3.9 mshale lazima udanganye: ukisoma 60, gari liko karibu 65. Nikaweka simu na GPS yake kwenye dashibodi, nikavuka daraja la Nyali. Mshale na simu sawasawa, kama siku zote. Damu ikanichemka.

Nyumbani nikaweka mawe mbele na nyuma ya matairi, gia huru, hendibreki chini, nikainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Lile jingine likabaki chini. Nikapiga chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Gurudumu moja likiwa limeshikwa na ardhi, ukilizungusha la juu mara 2 kamili, propela inazunguka kulingana na namba ya difu. Ya 3.9 ingekoma kabla ya kutimiza duru ya 4. Yangu ilitimiza ya 4 ikapita, chaki ikasimama karibu na robo. Nikarudia, pale pale. 4.22, wallahi!

Nikamfuata. Difu yangu kuukuu iko wapi? "Nilishawauzia watu wa chuma chakavu." Ati ameuza chuma chakavu kitu ambacho kiko chini ya gari langu! Na ile chaki? "Hayo mambo ya shule hayo, bosi." Vijana wake wanacheka.

Na difu ile ilikuwa nzima kabla hajaigusa, haina hata mlio. Sasa silikoni nyekundu, ile gundi ya kuziba, imefura kwenye maungio, kwa hivyo kufungua alifungua. Difu ya Morris inatoka na kichwa chake kizima, krauni na pinioni hazina sababu ya kutenganishwa. Meno yale yamesagana pamoja tangu kiwandani, na pengo lake linapimwa kwa geji ya saa, kwa elfu za inchi. Yeye geji hana. Nilifungua plagi nikatia kidole: oili nyepesi, haina ile harufu ya kiberiti ya EP 90, oili nzito ya difu. Kanijazia oili ya injini! Kwenye difu!

Anasema nirudishe gari "alitengeneze". Harudishiwi kitu. Nataka pesa zangu, au ile ya guniani niihesabu meno mwenyewe mbele yake. Amepewa mpaka Jumamosi.

Kuna yeyote aliyepelekwa hivi na fundi wa difu huku kwetu? Na anayemjua mtu wa Pwani mwenye geji na anayejua kuitumia, aniandikie. Gari limeegeshwa, siliendeshi na oili ile.