Mi na pacha wangu TSH zetu (homoni inayopimwa kuangalia tezi ya shingo) zinakaribiana, ya mume wangu iko chini sana kuliko zetu. Ni ugonjwa au tumerithi?

Doto_Mikindani:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana toka juzi usingizi sipati. Mi na mume wangu tulienda kupima afya tu, hakuna anayeumwa, nikaomba na kipimo cha tezi ya shingo kwa sababu marehemu bibi alikuwa na goita. Majibu yakaja TSH yangu 3.6, ya mume wangu 1.2. Karatasi imeandikwa kawaida ni 0.4 mpaka 4.0, kwahiyo wote tumo, ila yule aliyenipa majibu akaikunja karatasi akaniambia "dada yangu hii inagusa juu, anza vidonge mapema". Nikampigia Kulwa yuko Lindi nae akapime, 3.4! Sisi ni mapacha wale wa kufanana, mama mwenyewe kwenye simu anatuchanganya. Mi nakaanga vitumbua, naamka saa kumi alfajiri, sichoki kuliko wenzangu, mwili haujaongezeka. Sasa nameza au simezi?

korosho_ghafi:
Vinasaba vya Kimakonde hivo, vina kiburi 😂 Usimeze kitu shem, subiri wataalamu waje.

Mzee_wa_Slaidi:
Dada Doto, mi niko maabara huu mwaka wa kumi na moja, ngoja nikueleze taratibu. TSH haitoki shingoni, inatoka kwenye katezi kadogo chini ya ubongo, kazi yake kuiambia tezi ya shingo "tengeneza homoni". Tezi ikitii haraka, sauti inakuwa ndogo. Tezi ikiwa nzito kusikia, sauti inapanda, ila homoni zenyewe (T4 na T3) zinaweza kuwa sawa kabisa. Na huo uzito wa kusikia watu tunazaliwa nao tofauti. Kuna jeni inaitwa PDE8B, ndani ya seli za tezi inafuta ule ujumbe wa TSH, wenye aina fulani ya hiyo jeni TSH zao zinakaa juu kidogo na hawaumwi chochote. Kuna nyingine DIO1, hii inahusika na kuigeuza T4 kuwa T3, nayo inafanya wazima wawili wapishane vipimo.

Na huyo pacha wako ndo ushahidi wenyewe. Denmark walishapima mapacha wazima, wakaona karibu thuluthi mbili ya tofauti za TSH kati ya mtu na mtu ni za kurithi. Halafu hukohuko mwaka 2002 walichapisha utafiti wa wanaume 16 wazima waliopimwa kila mwezi mwaka mzima, kila mmoja anapanda na kushuka palepale pake, kaeneo kake ni kama nusu tu ya kale ka kwenye karatasi. Kwahiyo kujilinganisha na shemeji ni kama kulinganisha namba za viatu. Yeye siku akifika 3.6 ndo nitashtuka.

Doto_Mikindani:
Eeh hapo kwenye viatu nimekuelewa kaka. Na goita ya bibi je?

mama_wa_Chikongola:
Mwanangu bibi yako alikula chumvi gani? Maana sisi zamani ni ile ya mawe inapimwa kwa kopo, madini joto hamna, na makopa ya muhogo mwaka mzima. Muhogo usioandaliwa vizuri unaizuia tezi kuchukua hayo madini, chumvi nayo ikiwa tupu ndo shingo inavimba. Si kila goita ya urithi. Hata sasa sokoni soma mfuko kabla hujanunua.

Mzee_wa_Slaidi:
Mama kasema kweli. Ila Doto usichukue nilichosema ukapuuza moja kwa moja, kuna familia wanarithi kinga ya mwili inayoishambulia tezi, hiyo ni habari nyingine. Baada ya miezi miwili mitatu rudia TSH pamoja na T4 huru, na kama mfuko unaruhusu pima antibodi za TPO, ndo zinaonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi. Pima saa ileile ya mara ya kwanza, TSH inapanda usiku na mchana inashuka. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini waambie, vinavuruga majibu. Na ukishika mimba sema kliniki mapema, huko mipaka inabadilika. Vidonge vya tezi ukivimeza bila kuhitaji moyo unakwenda mbio na mifupa inaisha nguvu, asikudanganye mtu.

korosho_ghafi:
Aliyekupa majibu duka la dawa ni lake? Nauliza tu.

Doto_Mikindani:
😂😂 Liko mlango wa pili, sijui la nani. Ila wakuu ahsanteni, nimempigia Kulwa sasa hivi, kumbe alishanunua! Pakti kaifungua ila hajameza hata kimoja, duka limekataa kuirudisha. Nimemwambia aiweke kabatini, akija huku likizo tunaenda wote saa mbili asubuhi tupime siku moja, na mama tunambeba.