Sirene ya volkano ku avenue: ya motere ao ya elektroniki, gani itakawia miaka mingi?

Kijana_Ndosho
Bandugu jambo. Ku avenue yetu tunachanga makuta tuweke sirene ku mlingoti, sababu ile mangaribi ya 22/5/2021 Nyiragongo ililipuka bila mtu kutuambia kitu, siye tulijua kwa kuona mbingu imekuwa nyekundu na jirani anapigapiga mlango. Sasa papa moja anauzisha sirene ya motere, ya zamani, chuma tupu, anasema hiyo haikufake. Kijana mwingine analeta ya elektroniki na vipaza 4, pano ya jua na bateri. Tuchague gani? Mvua ya Goma munaijua, tole mpya inashika kutu mbele hata umalize deni yake.

Fundi_Kuran
Papa hadanganye, lakini amesema nusu. Ya motere ni gurudumu ya matundu inazunguka ndani ya ingine ya matundu, upepo unakatwakatwa, njo ule mlio. Matundu 10 na mizunguko 2800 kwa dakika inatoa kama 467 Hz (mitetemo kwa sekunde), hakuna karte ya elektroniki ya kuungua. Marekani kuko za wakati wa vita baridi zingali zinalia. Lakini inakunywa kuran mubaya, zaidi pale inaanza, na siku ya volkano njo siku kuran inakatika!! 2021 kwetu ilikuwa giza tii. Ya elektroniki inalia na bateri yake, kipaza kimoja kikikufa vingine vinaendelea, tena inaweza kusema na mudomo "mushike njia ya Sake". Motere ikikufa, kimya.

Mama_Himbi
Mwanangu, uliza bateri kwanza. Ku masomo moja nilifundishaka kulikuwa sirene, hakuna aliijaribu miaka yote, siku tuliihitaji haikulia, kufungua tukakuta bateri imevimba na manyigu wamejenga ndani ya pembe ya kutolea sauti. Bateri ya risasi ni miaka 3 mpaka 5, na kwa kisanduku kinachochomwa na jua ni chini ya hapo. Mupange nani atabadilisha na nani atalipa. Ufaransa wanazilizisha kila jumatano ya kwanza ya mwezi saa sita.

Soudeur_Birere
Moshi ya volkano iko na salfa, ikikutana na mvua inakuwa asidi, njo inakula matole. Pembe iwe ya faiba ao alumini ya rangi, bulo za inoksi (chuma hakishike kutu), lakini kati ya inoksi na alumini weka rondele ya plastiki, bila hiyo alumini inakuliwa. Kamba ziingie kisanduku kwa chini, pembe iiname kidogo maji isilale. Wavu ya manyigu. Na parafudri, kifaa cha kukinga radi, huku radi haina huruma.

Kijana_Ndosho
Aksanti sana. Yule kijana anasema yake ni 120 desibeli, itafika mtaa wa Keshero?

Fundi_Kuran
120 kwa mita ngapi? Mara nyingi wanapima kwa mita 30. Kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza 6, kwa hiyo mita 960 inabaki 90, na hiyo ni uwanja mutupu. Weka manyumba, weka mvua ku tole, mtu amelala, hasikie. Heri mbili ndogo mbalimbali kuliko moja kubwa.

Wa_Bukavu
Na huku kwetu kilima kikiingia katikati, kwisha.

Kijana_Ndosho
Sawa, elektroniki. Shida ni yule papa wa chuma, amekwisha kula avansi.

Mama_Himbi
Avansi ya ngapi??