Naomba ushauri: Mahindi ya sikukuu ya mavuno yauzwe mnadani au yatunzwe hadi Kwaresima?

Katibu_Diakonia:
Ndugu wanajukwaa, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zangu Waislamu, asalaam alaikum.

Mimi ni katibu wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ulioko tambarare ya Kilimanjaro. Huku kwetu mahindi hupandwa masika yanapoanza na kuvunwa Julai na Agosti, kwa hiyo sikukuu ya mavuno hutukuta tumeshiba: washarika huleta magunia, mikungu ya ndizi, kuku, hata mbuzi, na baada ya ibada vyote hupigwa mnada nje ya kanisa. Sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye ujenzi.

Ikifika Machi, wakati wa Kwaresima, maghala ya majirani zetu, wakiwemo wengi wasio washarika, yamekwisha, na waliobakiwa na kidogo wanakitenga kwa mbegu. Hapo ndipo wanapobisha hodi ofisini, nasi tunakwenda sokoni kununua kwa bei ya juu mahindi yale yale tuliyoyanadi kwa bei ya mavuno. Nimependekeza sehemu ya mahindi itunzwe, lakini baraza la wazee limegawanyika, kwani wapo wanaohofia dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, na wapo wanaouliza kwa nini tulishe wasio wa kwetu. Naomba ushauri juu ya utunzaji, na juu ya kuwapata wahitaji bila kuwaaibisha.

Bwana_Shamba_Mstaafu:
Amina. Dumuzi asiwatishe, mwogopeni unyevu kwanza. Mahindi yanayotunzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na kama hamna kipimo, tieni punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikiseni kwa dakika kadhaa, kisha acheni zitulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, yarudisheni juani. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na sadaka yenye sumukuvu haifai kupewa mtu yeyote. Baada ya hapo tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa kwa kuwa wadudu hufa kwa kukosa hewa, na ipangeni juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta na panya.

Mhasibu wa Jimbo:
Msiue mnada, tafadhali. Pale jogoo hununuliwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu mnunuzi anatoa sadaka mara ya pili, na furaha hiyo ni sehemu ya sikukuu. Nadini vinavyoharibika, mtunze mahindi na maharage. Kila gunia liandikwe kwenye leja kwa thamani ya siku lilipopokelewa, na kama huwa mnapeleka asilimia fulani ya mapato jimboni, mwafikiane mapema kuhusu nafaka hiyo.

Bibi Parishi:
Wazee wanaouliza habari ya "wasio wa kwetu" wasome Matendo ya Mitume sura ya 6, ambako manung'uniko yalianza kwa sababu wajane wa kundi moja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Orodha ya wahitaji isitoke kwenye jumuiya peke yake, maana jumuiya huwajua wanaosali humo. Muulizeni balozi wa nyumba kumi na mhudumu wa afya wa kijiji. Mzigo upelekwe nyumbani jioni na watu wawili. Sipendi kabisa ile desturi ya kumsimamisha mjane madhabahuni apigwe picha na ndoo ya unga.

Jirani_Mwislamu:
Mimi nawashauri mkae na imamu. Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, na zakatul-fitri, sadaka yetu ya mwisho wa Ramadhani, hutolewa kwa chakula, kwa hiyo msipopatana kaya moja itapata mara mbili na ya pili yake itakosa kabisa.

Katibu_Diakonia:
Nawashukuru sana, nitayaweka yote katika pendekezo langu kwa baraza. Limebaki moja: mwaka jana bibi mmoja alirudisha debe la mahindi kwa sababu hakuwa na fedha ya kusagisha.

Bibi Parishi:
Zungumzeni na mwenye mashine. Wa kwetu alikubali kukoboa na kusaga bila malipo, mradi abaki na pumba, naye huziuza kwa wafugaji. Mpelekeeni orodha yenye namba tu, bila majina.