Kireno cha kusema mtoto ni kiziwi, naombeni msaada

Mwambao_Ujiji:
Wakuu habari. Dada yangu kaolewa na Mmakua, wanaishi Nampula, Msumbiji, sasa anataka kumchukua bintiye aliyekuwa bweni shule ya viziwi Tabora, likizo hii anampitia huku Kigoma waondoke naye. Shida Kireno, mi ninacho kidogo cha biashara tu, kwenye simu nimekuta surdo, mudo, surdo-mudo, deficiente auditivo, fomu ya shule tuandike lipi?? Na mdogo wake ana kigugumizi.

Mzee_wa_Nacala:
Andikeni surda, wa kiume ndo surdo. "A minha filha é surda", imetosha, kama kazaliwa hivyo ongeza "de nascença". Hiyo surdo-mudo mtaani utaisikia sana hata kwa watu wenye heshima zao, ila viziwi wenyewe hawaipendi, sawa na huku mtu anamwita mtoto bubu wakati koo lake zima tatizo ni masikio. Deficiente auditivo ni ya hospitali na makaratasi. Kile kimashine cha sikioni ni aparelho auditivo. Kigugumizi ni gaguez, Wabrazili wanasema gagueira, mtoto mwenyewe gago lakini hilo ndo la kutaniwa shuleni, bora useme "ele gagueja".

Bint_Unyanyembe:
Na msiandike linguagem jamani, andikeni língua de sinais, yaani lugha ya alama. Linguagem hata kukonyezana imo, língua ndo lugha kamili. Ukikuta língua gestual hiyo ya Ureno, na msidhani kiziwi wa Ureno na wa Brazil wanaelewana kisa Kireno, wapi! Herufi za vidole za Ureno zina asili ya Sweden, mwalimu Pär Aron Borg alienda kuanzisha shule Lisbon 1823, wakati Libras, lugha ya alama ya Brazil, ina damu ya Kifaransa, shule ya Rio ya 1857 aliianzisha Huet, Mfaransa na yeye mwenyewe kiziwi. Ureno wameiweka yao kwenye katiba 1997, Brazil sheria 2002. Msumbiji nao wana yao.

Mwambao_Ujiji:
Duh kwahiyo alama za Tabora hazimsaidii kule?

Bint_Unyanyembe:
Nyingi atajifunza upya, ila akishakaa na viziwi wenzie atashika chap, watoto wale wepesi sana. Mzigo ni kuandika maana kasoma kwa Kiswahili. Mwambie dada kabla hajalipa ada aulize "há intérprete de língua de sinais?" (kuna mkalimani wa lugha ya alama?), wakisema não aendelee kutafuta shule.