Je, King alilazimika kumtosa Bayard Rustin mwaka 1960?

Ndugu wachangiaji, imedaiwa hapa kwamba Martin Luther King alitumia busara alipokubali mshauri wake, Bayard Rustin, ajiuzulu mwaka 1960, kwa kuwa harakati changa za kupinga ubaguzi wa rangi nchini Marekani zisingehimili kashfa ya mtu mmoja. Sikubaliani na dai hilo.

Rustin hakuwa msaidizi wa kuokotwa njiani. Alifungwa mwaka 1944 kwa kukataa kwenda vitani. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa wanaume 16, weusi na weupe, waliopanda mabasi pamoja katika majimbo ya kusini ili kupima kama uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka uliotangulia, uliopiga marufuku kuwatenga abiria wa safari za kuvuka majimbo, ulikuwa unaheshimiwa. Kwa safari hiyo alitumikia siku 22 za kazi ngumu barabarani huko North Carolina. Alipofika Montgomery, mji wa Alabama ambako King aliongoza mgomo wa mabasi, Februari 1956, majuma machache baada ya nyumba ya King kulipuliwa kwa bomu, alikuta humo bunduki na walinzi wenye silaha. Yeye ni mmoja wa waliomshawishi King kwamba kutotumia nguvu hakuwezi kuwa mbinu ya mchana tu, huku usiku watu wanalala na bastola.

Kilichomwondoa ni kitisho cha mbunge Adam Clayton Powell, aliyetaka maandamano yaliyopangwa kufanyika kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic yafutwe, la sivyo angezusha kwamba King na Rustin walikuwa wapenzi. Ulikuwa uongo, ingawa ilijulikana kwamba Rustin alihusiana kimapenzi na wanaume na kwamba alikamatwa kwa sababu hiyo huko Pasadena, California, mwaka 1953. Nakiri hofu ya King ilikuwa na msingi, maana uvumi wa namna hiyo hausubiri ushahidi.

Lakini tazameni mwaka 1963. Roy Wilkins, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alipinga Rustin asiongoze maandalizi ya maandamano ya Washington, basi mzee A. Philip Randolph, kiongozi mkongwe wa wafanyakazi weusi, akashika uongozi kwa jina na kumteua Rustin kuwa naibu wake. Majuma machache kabla ya Agosti 28, seneta Strom Thurmond, mtetezi wa ubaguzi, aliyasoma hadharani yale yale ya Pasadena, pamoja na ukomunisti wa ujana wa Rustin. Randolph alisimama naye, na viongozi wenzake wakafuata. Watu wapatao 250,000 walikusanyika kwa amani, wakiongozwa na askari polisi weusi wa New York waliokubali kuja bila silaha baada ya kufunzwa na Rustin.

Kashfa ilikuwa ile ile, na mtu ni yule yule. Anayetetea uamuzi wa 1960 atueleze kilichopungua mwaka ule, kama si ujasiri wa viongozi.